Mwiko wa mchungwa kwa kisu cha kukunja

Nilijifunza kushika kisu stendi ya Muheza, kabla sijajua kuchonga chochote. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nauza machungwa kwenye mabasi ya barabara ya Tanga na Segera, na kazi yangu ya kutwa ilikuwa kumenya. Mteja yuko dirishani, dereva ameshawasha gari, na wewe unatakiwa umenye chungwa zima bila kugusa nyama, ganda litoke utepe mmoja. Kisu hakilifuati chungwa. Chungwa ndilo linaloletwa kwenye kisu, huku gumba likilizungusha taratibu. Miaka mingi baadaye babu yangu alikata michungwa yake mikongwe iliyokuwa haizai tena, akanipa tawi moja nichonge mwiko. Nikagundua kwamba mikono yangu ilikuwa imeshajua nusu ya kazi.

Ninaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Alikuja likizo ya Desemba, akanikuta kibarazani nachonga, akasema, "Mjomba, na mimi nataka, ila hatuna vifaa." Nilimwonyesha kilichokuwa mkononi mwangu: kisu kimoja cha kukunja. Watu wengi wanadhani kuchonga mti ni lazima uwe na tezo, patasi za kila ukubwa na jiliwa la kubania mti. Kwa kinyago cha mpingo ni kweli. Wachongaji wa Kimakonde huanza na panga na tezo, kisha patasi, maana mpingo ni mti mgumu na mzito hata unazama majini, na kisu cha mfukoni kingeisha makali kabla hujaona umbo lolote. Lakini mwiko wa kupikia, mpini wa upawa, kigingi cha kamba ya mbuzi, hivyo vyote vinatoka kwenye kisu kidogo, mradi mambo mawili yawe sawa: kisu kiwe kikali na mti uwe mbichi. Karibu kila anayeanza akashindwa, ukimwuliza utakuta alichukua kuni kavu na kisu butu. Akatumia nguvu, kisu kikateleza, damu ikatoka, akaacha.

Kisu

Tafuta kisu chenye bapa la sentimita 6 hadi 9, lililonyooka, lisilo na meno kama msumeno. Bapa refu halina faida hapa. Linakuweka mbali na kazi na mkono unachoka. Mpini ujaze kiganja, usiwe na kona kali, kwa sababu utaushika kwa saa nzima na kona ndogo tu italeta lengelenge.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze ni kufuli. Kuna visu vya kukunja ambavyo vikifunguliwa vinajifunga na haviwezi kurudi mpaka uachilie kitu fulani, na kuna vile vinavyoshikiliwa na springi peke yake. Opinel ya Ufaransa, kwa mfano, ina pete ya chuma shingoni unayoizungusha kwa gumba ili kufunga. Wameiweka tangu 1955, na namba 8 yao, yenye bapa la sentimita 8.5, inatosha kwa kila kazi iliyo kwenye maelezo haya. Visu vingi vidogo vya Victorinox vya Uswisi vina springi tu. Vya springi vinachonga vizuri kabisa, ila usivitumie kutoboa wala kusukuma kwa ncha. Kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia lilitoka kwenye kisu cha springi nilichonunua mnadani. Nilikuwa natoboa tundu la kutundikia mwiko, nikasukuma kwa ncha, bapa likajikunja likanifungia kidole kama mlango. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile matundu yote nayatoboa kwa msumari wa moto.

Kisu kipya cha dukani usikiamini. Mara nyingi kinakuja na makali ya kukatia kamba, si ya kuchongea. Kinoe kwanza.

Kunoa

Babu alikuwa na kinoo kimoja, jiwe lililochimbika katikati kwa miaka ya kunolewa, na alilipenda kuliko redio yake. Wewe unaweza kununua jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande unaokwaruza na upande laini. Usipokuwa nalo, geuza kikombe cha udongo cha chai juu chini: ile duara ya kitako isiyo na rangi inanoa vizuri ajabu.

Lowesha jiwe kwa maji. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, mgongo uinuke milimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jiwe. Ukiuinua zaidi ya hapo unapata makali manene ya kukatia mifupa. Ukiulaza mno makali yanakuwa membamba na yanajikunja kwenye mti. Sukuma kisu mbele kana kwamba unataka kukata ganda jembamba la jiwe, kuanzia kwenye shina la bapa mpaka ncha. Endelea upande mmoja mpaka upapase upande wa pili, kutoka mgongoni kuja kwenye makali, usikie kitu kama ukingo mdogo unaokwaruza ngozi. Hicho ni chuma kilichojikunja, na ndicho kinachokuambia kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Kabla hujakisikia hujanoa, umesugua tu. Sasa geuza, fanya vivyo hivyo upande wa pili, halafu hamia upande laini wa jiwe kwa mikono myepesi.

Mwisho chukua mkanda wa zamani wa ngozi ya kweli, ufunge kwenye msumari, uvute, na upitishe kisu juu ya upande wake wa ndani, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mara ishirini kila upande. Usisukume makali mbele, utaukata mkanda.

Kujua kama kimeiva, weka makali juu ya ukucha wa gumba bila kubonyeza. Kisu kikali hushika ukucha hapo hapo. Butu huteleza. Jaribio la pili ni kuchonga kijiti cha mti mbichi na kutazama palipopita kisu: pakiwa panang'aa kama pamepakwa mafuta, uko tayari. Pakiwa na mistari myeupe myembamba, makali yana pengo mahali, rudi kwenye jiwe.

Wakati wa kuchonga narudi kwenye mkanda kila baada ya nusu saa hivi, hata kama sioni haja. Babu alikuwa akisema, "Kisu kikali kinakutii, mjukuu wangu. Butu kinabishana nawe, na mkibishana anayeumia ni wewe."

Mti

Mchungwa naupenda kwa sababu nauona kila siku, lakini pia unastahili. Nyuzi zake ni laini na zimeshikana, rangi yake ya manjano iliyopauka inapendeza, na haupi chakula ladha yoyote. Mlimao na mchenza ni ndugu zake, wana tabia ile ile. Mpera ni mgumu zaidi na una nguvu sana, ndiyo maana watoto wanatafuta panda zake kwa manati; mwiko wa mpera unadumu, ila uuchonge ungali mbichi hasa, ukikauka utakutoa jasho. Mparachichi ni laini, mzuri kwa mtu wa kwanza kabisa kujifunza mkono. Mwembe unachongeka, lakini utomvu wake huwawasha baadhi ya watu ngozi, kwa hiyo jaribu kidogo kwanza. Mwarobaini natengenezea vigingi na mipini ya majembe madogo. Kwa chombo cha chakula siutaki, uchungu wake naujua tangu utotoni nilipokuwa nikinyweshwa nikiwa na homa.

Usiguse mnyaa, ule wa kijani usio na majani unaopandwa uzio. Maziwa yake yakiingia machoni ni hatari. Na mti wowote usioujua jina usiuchongee mwiko.

Ubichi ndio siri kubwa. Mti uliokatwa wiki hii una maji ndani yake na kisu kinapita kama kwenye muhogo. Ukiuacha miezi miwili juani unakuwa kitu kingine kabisa. Waliosema udongo uuwahi ungali maji wangeweza kuusema na mti. Kwa hiyo kata tawi wakati una nafasi ya kulifanyia kazi, si kabla. Watu wa Muheza wanapopogoa mashamba baada ya msimu wa machungwa, matawi yanaishia jikoni kuwa kuni. Omba moja. Hakuna atakayekunyima.

Chagua tawi lililonyooka, lenye unene wa chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kipande cha sentimita 35 kisicho na mafundo. Fundo ni mahali tawi dogo lilipotoka, na nyuzi hapo zinajizungusha. Kwa mkono mgeni fundo moja linaweza kuharibu kazi ya siku mbili.

Kipande hicho ukipasue katikati kwa panga. Weka panga juu ya kichwa cha kipande, ligonge mgongo kwa kipande kingine cha mti. Usifanye hivi kwa kisu cha kukunja hata kidogo: kigingi cha kiungio chake ni kidogo, pigo mbili tatu kinalegea, na kisu kilicholegea si kisu tena. Ukishapasua utaona kiini katikati, ule mstari mweusi au laini. Ondoa chote. Mti unapokauka hunywea karibu mara mbili zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa kuelekea katikati, ndiyo maana gogo zima likikauka lazima lipasuke mahali. Mwiko wenye kiini ndani yake utapasuka uso, yaani sehemu yake pana ya kukorogea, na utapasuka baada ya kuumaliza na kuupaka mafuta, utakapokuwa umeshaupenda.

Miiko kabla ya mwiko

Kaa. Usichonge umesimama wala unatembea. Weka viwiko juu ya magoti na kazi iwe mbele ya magoti, isiwe katikati ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na jeraha la pale halisubiri gari la kwenda hospitali.

Nyoosha mkono ukiwa na kisu kilichokunjwa, uzungushe pande zote. Yeyote aliye ndani ya duara hilo asogee, hasa watoto, ambao huja kutazama wakiwa wameinamisha vichwa karibu kabisa. Ukitaka kumpa mtu kisu, kikunje kwanza. Ukiinuka hata kufukuza kuku, kikunje.

Ukijikata, acha kazi. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, inua mkono juu. Damu ikikataa kusimama, jeraha likiwa limefunguka, au kidole kikiwa na ganzi au hakikunji, nenda zahanati, na uulizie chanjo ya pepopunda kama ni siku nyingi hujachanjwa. Mpwa wangu alitaka kufunga kidole kwa majani aliyoonyeshwa na wenzake. Nilimwambia majani tutayazungumza baada ya sabuni.

Mikato

Kuna mikato mitatu tu unayohitaji, na moja wapo ni ya stendi.

Wa kwanza ni wa kuondoa mti mwingi. Shika kipande kwa mkono wa kushoto, kisu kulia, makali yakitazama mbali nawe. Funga kiwiko na kifundo cha mkono vikae kama fimbo moja, na usukume kwa bega. Kisu kipite kwa kuteleza kidogo kutoka shina la bapa kwenda ncha, kama unavyokata mkate; kikisukumwa moja kwa moja bila kuteleza kinakwama. Toa vipande virefu vyembamba. Anayeanza huwa anataka kuondoa kipande kinene kwa mara moja, na ndipo kisu kinapozama, anavuta, kinachomoka ghafla.

Wa pili ni wa gumba. Makali bado yanatazama mbali nawe, lakini mkono wa kulia hausukumi. Gumba la mkono wa kushoto, ambao ndio ulioshika mti, linawekwa mgongoni mwa kisu na ndilo linalosukuma, kidogo kidogo, sentimita moja au mbili. Mkono wa kulia unaelekeza tu. Huu ndio mkato salama kuliko yote kwa sababu kisu hakiwezi kwenda mbali kuliko gumba linavyofika, na kwa mwiko utautumia zaidi ya nusu ya muda.

Wa tatu ni ule wa kumenya chungwa. Makali yanakutazama wewe, gumba la kulia limeegemea kichwa cha mti, na vidole vinne vinafunga ngumi pole pole kuleta kisu kwako. Angalia jambo moja kwa makini: gumba lisikae kwenye njia ya makali. Liweke chini ya kichwa cha mti, ili kisu kikimaliza mti kipite juu yake. Jifunze kwa chungwa kwanza, kweli kabisa. Menya machungwa ishirini na utaelewa gumba linatakiwa kukaa wapi kuliko nikikuandikia kurasa tatu.

Sasa nyuzi. Siku ya pili mpwa wangu alinijia amenuna: "Mjomba, mti unakataa." Kisu chake kilikuwa kinazama na kurarua badala ya kukata. Nilikichukua kipande, nikakigeuza kichwa chini, nikamrudishia. Kikakatika kama sabuni. Mti haukuwa unakataa, alikuwa anaupandia. Kata daima kutoka palipo panene kwenda palipo pembamba, unashuka mlima. Ukishuka, kila uzi unaokatwa umeegemea uzi ulio chini yake. Ukipanda, makali yanaingia chini ya nyuzi na kuzibandua kama unavyopasua kuni. Ukiona panararuka, usiongeze nguvu. Geuza mti.

Kuuchonga

Mwiko wa kwanza usiwe wa ugali wa msiba. Chonga wa mboga, sentimita 30: uso wa sentimita 9 wenye upana wa 6, bega la sentimita 3 linalopungua kuelekea mpini, na kilichobaki ni mpini wa upana wa sentimita 2.

Kwanza sawazisha upande uliopasuka uwe bapa, na upande wa ganda uutoe ganda na kuupunguza mpaka ubakiwe na ubao wa unene wa sentimita 2 hivi. Kazi hii panga inaweza kuisaidia. Kisha chukua karatasi, ikunje kwa urefu, chora nusu ya mwiko kwenye mkunjo, kata, funua. Umepata mwiko wenye pande mbili sawa, ulaze juu ya ubao na uuchore kwa penseli au mkaa. Niliwahi kuchora kwa jicho tu miaka mingi, na miiko yangu yote ilikuwa na bega moja lililoshuka.

Kuondoa mti wa pembeni mwa mpini ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Usianze kunyoa kutoka mwisho wa mpini kuja kwenye uso. Ufa utakimbia ukaingia kwenye uso na kuuchukua nusu. Anza kwa kuweka vizuizi. Kwenye ukingo wa ubao, kata alama ya V kila baada ya sentimita 2, kuanzia begani mpaka mwisho wa mpini. Kila V inatoka kwa mikato miwili inayokutana, na uirudie mpaka ncha ya V ikaribie mstari wa penseli, ibaki milimita 2. Halafu ondoa kipande kati ya V na V kwa mkato wa gumba. Ufa wowote utakaoanza utafika kwenye V iliyo mbele na kufia hapo. Ukimaliza upande mmoja utakuwa na kitu kama mgongo wa mamba, nawe utakisawazisha kwa mikato mirefu kutoka begani kushuka kwenye mpini. Fanya upande wa pili.

Hapo shingoni, bega linapokutana na mpini, nyuzi zinabadilika mwelekeo. Shuka kutoka kwenye bega mpaka sehemu ya chini kabisa ya bonde, simama. Geuza mti, shuka kutoka upande wa mpini mpaka bonde lile lile. Mikato miwili ikutane chini. Ukijaribu kuvuka bonde kwa mkato mmoja, nusu ya pili unakuwa unapanda.

Ukishapata umbo, anza kupunguza unene. Katikati ya uso uache milimita 8, na upunguze kuelekea ukingoni mpaka milimita 3 au 4. Ncha ya uso mimi naiacha ikiwa na upinde kidogo na upande mmoja umenyooka zaidi, ili ukwangue chini ya sufuria. Mama mkwe wangu ndiye aliyenielekeza hivyo, na tangu hapo sijachonga vingine. Mpini usiwe wa duara kamili. Uwe kama yai, mpana kidogo kuliko unene wake, ndipo hautazunguka mkononi ukiwa na mafuta.

Ukikatisha kazi usiku ukafika, funga mwiko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipande vyake vilivyotoka, usikauke kabla hujamaliza. Lakini usiuache humo zaidi ya siku mbili. Kwa joto na unyevu wa kwetu ukungu unaanza mara moja, na madoa yake meusi hayatoki.

Kuukausha na kuulainisha

Mwiko ulioisha umbo uufunge kwenye gazeti, uuweke kivulini ndani ya nyumba, mbali na jiko, wiki moja. Badilisha gazeti kila siku mbili. Jua ni adui wa hatua hii. Utajua umekauka ukiugonga kwa kisu ukasikia sauti ya kengele badala ya sauti ya tikiti maji.

Kisha pitia tena kwa kisu kilichonolewa upya, mikato myembamba sana ya mwisho, kuondoa kila kona na manyoya. Mti mkavu unakubali mkato safi kuliko mbichi, mradi unachukua kidogo. Wengine huishia hapa na kuacha alama za kisu zionekane. Mimi nazipenda kwenye mpini, ila usoni naweka msasa, namba 80, kisha 120, kisha 220.

Msasa ni jina la mti pia, mtini wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na babu hakuwahi kununua karatasi hata moja. Alikuwa akikausha majani yake, akiyalowesha kidogo, na kusugulia. Nimeyatumia; yanatoa ulaini ambao karatasi ya 220 haufikii, ila yanataka subira.

Baada ya msasa, lowesha mwiko kwa maji, uache ukauke. Utaona nyuzi zimesimama na uso unakwaruza tena. Sugua mara ya mwisho. Ukiiruka hatua hii, zitasimama siku ya kwanza ya kupika.

Paka mafuta ya nazi. Yapashe mpaka yawe vuguvugu, paka, acha usiku kucha, futa yaliyobaki, rudia siku tatu. Walio Lushoto watakuta yameganda chupani asubuhi, maana huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yaweke juani kidogo. Ukiwa na nta ya nyuki, yeyusha sehemu moja kwa sehemu nne za mafuta, upate kitu kama samli cha kupakia mpini. Vanishi usiweke. Moto wa sufuria utaibandua na itaishia kwenye mboga.

Ukishauzoea mwiko, jaribu mpini wa upawa: nusu ya kifuu isiyo na macho, kwangua nyuzinyuzi za nje kwa mgongo wa kisu, toboa matundu mawili yanayotazamana karibu na ukingo kwa msumari uliotiwa moto. Chonga mpini wa sentimita 30 unaopungua unene taratibu kuelekea ncha, upite tundu la kwanza kwa urahisi na ukabane kwenye la pili. Hapa, tofauti na mwiko, mpini uwe umekauka kabisa kabla ya kuukaza, kwa sababu mbichi utanywea na upawa utadondokea kwenye mchuzi. Mpwa wangu anautengeneza wa kwanza sasa hivi. Ameshapasua vifuu vitatu kwa kukaza mno. Cha nne nimemwambia asitumie nyundo, asukume kwa kiganja na asimame mara tu mpini unapokataa kuzunguka.